Mwaka Niliosema Nimepona

Baba mdogo aliniambia jioni, tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba karibu na zizi, kwamba kesho yake mzee aliyenipasua kichwa angekuja kuchukua mbuzi wake, na kwamba mbuzi huyo hangeondoka mpaka mimi mwenyewe niseme kwa kinywa changu, watu wakisikia, kuwa nimepona. Nilipaswa kukataa. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimebeba debe la maji kutoka mtoni, makusudi, ili nijipime, na pale kwenye mwinuko maumivu yalikuja kama yalivyokuja siku zote, yakanikalisha chini kando ya njia. Nikamwambia, "Baba, bado kuna kidogo." Naye akanijibu huku akimwangalia yule mbuzi, "Kidogo ndiko kupona kwenyewe. Unataka mzee wa watu arudi kwake mikono mitupu, halafu iwe ni sisi tunaosemwa? Wewe ni mwanamume uliyetahiriwa. Sema umepona, na kitakachobaki kitaondoka chenyewe." Nikakubali.

Mwezi uliopita tumemzika Kwamboka, binti wa baba mdogo, huko juu upande wa Nyamache, kwenye shamba lile lile la chai ambalo baba yake alikuwa ndiyo kwanza amelipanda mwaka ninaousimulia. Tulikuwa wengi. Wajukuu zake walisema kwamba alipenda kanisa, alipenda usafi, na alijua kila mtu kwa sauti. Hayo yote ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba alikuwa mcheshi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikingoja mmoja wao aseme, kisha nikatambua kwamba hawawezi kusema jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Watu waliomjua Kwamboka mcheshi tumebaki wachache sana, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni upande wa Nyamira, na likizo nilikaa kwa baba mdogo kwa sababu ambazo si za sura hii. Maumivu yalinianza shuleni, siku tuliyosukuma gari la mwalimu mkuu lililokwama kwenye matope. Nilisukuma mara moja, na ndani ya kisogo changu ikawa kama mtu amebamiza mlango. Nilishika kichwa nikasimama. Wenzangu walidhani nakwepa kazi. Tangu siku hiyo mlango ule ulibamizwa kila nilipokohoa, nilipopiga chafya, nilipoinua jembe, nilipojikamua chooni, na hata nilipocheka. Haukudumu. Ulikuwa muda wa kuombea chakula tu, kisha nikabaki mzima kama mtu yeyote, na hilo ndilo lililoniharibia jina, kwa maana mgonjwa anayeumwa kidogo hivyo halafu akaendelea kula haaminiki. Nilipoanguka siku moja tukilima shamba la shule, mwalimu mkuu akanirudisha nyumbani nikatibiwe.

Nyumbani nikakuta kwamba Kwamboka naye anayo maumivu hayo hayo. Alikuwa amenizidi umri kidogo, amemaliza darasa la saba, na alikuwa akiimba sauti ya juu katika kwaya ya kanisa letu la Wasabato. Tulikuwa jikoni, mama mdogo akipika ugali wa wimbi, moshi ukatupata wote wawili tukakohoa, na wote wawili tukapeleka mikono kichwani kwa pamoja. Tukatazamana kupitia kwenye moshi.

"Na wewe unakishika?" akaniuliza.

"Nakishika."

"Mimi nakishika kisije kikaanguka kwenye sufuria, mama akakisonga."

Nikacheka, nikaumia, naye akacheka kwa kuwa nimeumia, akaumia pia. Mama mdogo akatuuliza tunacheka nini na tunalia nini. Tangu siku hiyo tukawa na lugha yetu. Tulijua kukohoa kwa kuegemea ukuta, tulijua kuinama kwa magoti badala ya kiuno. Akiniona nimechukua mzigo alisimama mbele yangu kunizuia, nami nilipomwona akipandisha sauti kanisani niliitazama mikono yake kuona kama itakwenda kichwani. Alizoea kuificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Na alinitesa kwa vichekesho. Alimwiga mzee wa kanisa aliyekuwa akiombea chakula mpaka kinapoa: "Tena Bwana, usimsahau kuku wa jirani, ambaye amekuja tena kwenye mtama wetu, umguse, umbadilishe." Nilimwomba aache. Alikuwa akisema, "Cheka polepole, Bwana Kichwa. Cheka kama mtu anayevuka mto kwa mawe." Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na sijapata tena kuogopa kucheka na kutamani kucheka kwa wakati mmoja.

Baba mdogo alitupeleka wote wawili katika hospitali ya misheni. Daktari alikuwa Mzungu, na kwa kuwa Kiswahili chake hakikufika mbali alisema Kiingereza, nami nikamtafsiria baba mdogo kwa Kigusii. Alitutia kwenye chumba chenye mapazia, akatuchungulia ndani ya macho kwa taa ndogo, akitusogelea mpaka pumzi yake ikatugusa. Kwangu alitazama, akatikisa kichwa. "Macho yako ni safi. Sijui kinachokuumiza. Huenda kitaisha chenyewe." Akanipa vidonge. Kwa Kwamboka alitazama muda mrefu, akamwuliza kama kuna wakati macho hufunikwa na ukungu anapoinama. Kwamboka akasema ndiyo, kidogo, kisha unaondoka. Daktari akasema nyuma ya macho yake pamevimba, kwamba wake si kama wangu, na aende Nairobi upesi, asikae. Nilitafsiri kila neno. Hilo nalisema ili ijulikane kwamba sikukosea katika kutafsiri.

Baba mdogo hakufunga safari siku hiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. Aliogopa Nairobi kama wengi walivyoiogopa wakati ule; alimjua mtu wa kijiji cha pili aliyepelekwa huko kichwa kikimuuma akarudi ndani ya sanduku. Hata hivyo alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akasema ana safari ya kwenda Nairobi baada ya wiki chache, kwenye mikutano ya kanisa, atawachukua baba na binti na kuwafikisha kwa ndugu yake. Likawa limepangwa. Mama mdogo akaanza kumshonea Kwamboka gauni la safari, na Kwamboka akaanza kumwiga mchungaji akiwauliza watu wa Nairobi njia.

Mimi ndiye niliyebaki bila jibu, na kwetu kichwa kisicho na jibu la hospitali kilikuwa na mahali pengine pa kupelekwa. Wageni hawaamini ninapowaeleza. Katika Wagusii walikuwapo wazee wanaopasua kichwa. Mmoja wao huitwa omobari. Hufungua ngozi, hukwangua mfupa mpaka afikie palipopasuka au palipobonyea, husafisha, kisha hufunika. Hawakuwa wachawi wala waganga wa hirizi. Ilikuwa ni kazi ya mikono, iliyofundishwa na baba kwa mwana, na watu waliopasuliwa walionekana sokoni wakinunua chumvi kama wengine. Kanisa halikuipenda, kwa hiyo baba mdogo alimwita huyu wa kwetu kimya kimya, kutoka upande wa Itumbe. Alikuja mzee mfupi, mnyamavu, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Alipigwa?" Maana kazi yao ni ya waliopigwa: rungu, jiwe, kuanguka. Baba mdogo akasema nilianguka kutoka kwenye mpera nikiwa mtoto, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mzee akanipapasa kichwa kwa vidole, polepole, mpaka akasimama mahali. "Hapa," akasema. Nilisikia faraja kubwa. Daktari alikuwa amesema sijui, na huyu alikuwa amesema hapa.

Alinipasua asubuhi, kwenye migomba nyuma ya nyumba, wanaume wakinishika mabega. Sitaieleza sana. Kukwangua kwenyewe sikukusikia kwa masikio, nilikusikia kwa meno, na kulifanana na mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria katika nyumba ya jirani. Sikulia. Nilisifiwa kwa hilo, na sifa ile ilikuwa na kazi yake katika yaliyofuata. Mpaka leo pana mahali juu ya kisogo changu ambapo mfupa haupo, na kinyozi mpya mjini Nyamira akifika hapo huinua mashine na kuniuliza, "Mzee, hapa palikuwaje?"

Baada ya hapo nililazwa katika chumba cha nyuma. Ilikuwa desturi: aliyepasuliwa hukaa gizani mpaka kidonda kifunge, asipate jua, asipate moshi, asibebe, asichekeshwe. Mama mdogo alitundika blanketi dirishani na kuziba nyufa za mlango kwa magunia. Kwamboka aliniletea uji wa wimbi na maziwa lala, akaketi sakafuni nisipomwona, akanisomea Biblia kwa kuikumbuka, kwa maana hapakuwa na mwanga wa kusomea, na alipofika mahali alipopasahau alijaza mwenyewe. "Na Yakobo akamwambia Labani, ng'ombe hawa mbona wamekonda?" Nilimwambia amekatazwa kunichekesha. "Sikuchekeshi," akasema, "ninahubiri." Lakini alishusha sana sauti na kupunguza vichekesho, ili nisiumie. Nilikaa wiki kadhaa bila kubeba, bila moshi, bila kukohoa. Ni wazi kwamba kichwa hakikuniuma. Kingeumaje? Hata hivyo nyumba nzima ilianza kusema kijana anapona, nami nikaanza kuamini, mpaka nilipotolewa na kubeba lile debe la maji.

Siku ya mbuzi, mama mdogo alipika kuku na ugali, na mboga chungu ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Walikuwapo majirani wachache wa kuaminika. Tulipomaliza kula, yule mzee akanawa mikono, akageuka kwangu. Hakuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi.

"Kijana, umepona?"

"Nimepona, baba."

"Kohoa nione."

Nikainuka. Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji, na nilijua hatazami uso wangu, anatazama mikono yangu. Nikakohoa kwa nguvu. Mlango ukabamizwa ndani ya kichwa, mweupe, mrefu kuliko siku zote. Nikaiweka mikono yangu kwenye mapaja nikaikandamiza hapo. Sikukunja uso. Nilikuwa kijana aliyepasuliwa kichwa bila kulia, na watu walikuwa wakinitazama. Yule mzee akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, na majirani wakasema maneno ya kumshukuru Mungu, na mbuzi akafunguliwa.

Jikoni Kwamboka akanijia. "Mikono haikwenda."

"Haikwenda."

"Kweli imeisha?"

Baba mdogo alikuwa nje ya mlango akiagana na mzee. Niliweza kuona kofia yake. Nikasema, "Kweli." Nilijiambia kwamba nitamweleza nikipata nafasi. Alfajiri nikapanda lori la kwenda shule. Nilijiambia nitamwandikia, na sikuandika. Shuleni nilikuwa nimekuwa mtu. Wavulana walipanga foleni kutazama kovu langu, na yule aliyekuwa akikwepa kazi sasa alikuwa shujaa aliyesamehewa kazi. Katika raha hiyo nilimsahau Kwamboka kwa miezi miwili. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Nilirudi likizo ya Agosti. Mama mdogo alinipokea njiani, akaniambia nitembee polepole nisipige kelele, dada yako amelazwa. Nikamwuliza kama wamekwisharudi kutoka Nairobi. Akasema, "Nairobi ya nini tena? Wewe hukupona hapa hapa?" Ndivyo nilivyojua kwamba hawakwenda, na kwamba naye amepasuliwa. Mchungaji alikuwa ameambiwa atangulie tu. Kwamboka mwenyewe ndiye aliyemwambia baba yake kwamba ameona kwa macho yake mikono yangu ikitulia, na kama kuna dawa nyumbani, ya nini kwenda kufa mbali. Nilisimuliwa pia kwamba yule mzee alisita. Aliuliza kama binti alipigwa, wakasema aliteleza mtoni na mtungi zamani. Na nani katika milima hii hajawahi kuteleza? Alisema mambo ya macho si kazi yake. Ndipo baba mdogo alipomwambia, "Si ulimwona kijana wangu? Ugonjwa ni huu huu mmoja, nyumba ni hii hii moja." Mzee akamshika Kwamboka kichwa akatafuta, na mwenye kutafuta kwa vidole hakosi mahali.

Nilikwenda kukaa naye katika chumba cha nyuma. Blanketi lilikuwa lile lile dirishani. Kidonda chake kilikuwa kinafunga vizuri. Mzee aliijua kazi yake. "Bwana Kichwa," akasema, "sasa ni zamu yako kunisomea." Nikamsomea kwa kukumbuka, vibaya. Akaniambia, "Giza la humu ni zito kuliko nilivyodhani. Ulikaaje? Mimi hata mkono wangu siuoni." Nikamwambia mimi baada ya siku chache nilizoea, nikaanza kuona nyufa za mlango. Akasema atazoea. Nilimwamini, kwa sababu mimi nilizoea. Niliketi pale nikiiona miale myembamba ya jua kwenye magunia, na haikunijia akilini kumwuliza kama naye anaiona.

Siku ya kumtoa ilikuwa asubuhi yenye jua kali. Mama mdogo alishusha blanketi, akafungua dirisha, kisha baba mdogo akaondoa magunia na kufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Mwanga ulifika kitandani mpaka kwenye magoti yake. Kwamboka alikuwa ameketi tayari, amejifunga kitambaa safi kichwani, amevaa lile gauni la safari. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani.

"Fungueni basi," akasema. Alikuwa akitabasamu. "Au mchungaji lazima aombe kwanza?"

Mama mdogo akamshika mkono, akampeleka mpaka dirishani, akaiweka ile mikono kwenye ubao wa dirisha uliokuwa umepata moto kwa jua. Kwamboka akaupapasa. Kisha akaliita jina la mama yake.

Nairobi walikwenda wiki hiyo hiyo, bila mchungaji. Madaktari wa huko walitibu kile kilichokuwa kikikibana kichwa chake, na maumivu yake yakaisha kabisa. Tangu hapo alikohoa kama mtu yeyote. Kuhusu macho, waliambiwa walipaswa kufika mapema. Baba mdogo alirudi akiwa mzee. Hakunilaumu, kwa kuwa alijilaumu mwenyewe, na mimi nilimwacha aubebe mzigo ule peke yake mpaka alipokufa. Hakujua kwamba nilimtazama machoni baada ya lile debe la maji nikamwambia kidogo wakati maumivu yalikuwa bado yote.

Kwamboka alijua. Ilikuwa Desemba, mwaka ukiisha, tuko jikoni, yeye ameketi kwenye kigoda akichagua maharagwe kwa vidole, akitupa mabovu pembeni. Mama mdogo alikuwa ameweka kuni mbichi na kutoka nje. Moshi ulinipata, nikakohoa, nikaegemea ukuta, mikono kichwani, nikishikilia pumzi kama tulivyozoea. Nilipofungua macho, vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Bado?" akauliza.

Ningeweza kusema ni moshi tu. "Bado."

"Ilirudi lini?"

"Haikuondoka."

Akaendelea kuchagua maharagwe. Nilisikia moja likianguka kwenye ungo, kisha lingine. "Siku ile mikono ilikuwa chini," akasema.

"Niliizuia."

"Haya," akasema. Kisha akaniomba nimsogezee ungo, nikamsogezea.

Hakumwambia baba yake, wala hakunipigia kelele. Maumivu yangu yalikwisha yenyewe miaka michache baadaye, nilipokuwa karani kwenye kituo cha kupimia chai, na sikujua siku yalipokwisha. Niligundua tu kwamba nimekohoa na sikuegemea kitu. Daktari alikuwa amesema huenda yakaisha. Kwamboka aliolewa na mtu mwema, akazaa, akaimba kwaya mpaka uzeeni. Kila nilipokwenda kwake alinitambua kwa hatua zangu kabla sijabisha, akaniambia karibu, akaagiza niletewe chai, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina.

Neno nililokubali kulisema siku ile ya mbuzi lilimgharimu Kwamboka macho yake. Mimi lilinigharimu Kwamboka. Tangu Desemba ile mpaka tulipomzika, alikuwa mwema kwangu kama alivyokuwa mwema kwa wageni wote, na hakunichekesha tena.